Kitambaa Nilichombandika Afande

Mkitaka kujua alizaliwa lini na mama yake alikuwa nani, kawaulizeni ndugu zake, wamejaa kuanzia Kanyenye mpaka Goweko na wanapenda kuulizwa. Mimi namjua kuanzia siku aliponikuta nimekaa juu ya mzinga wake wa nyuki. Lilikuwa gogo tu, limelazwa nje ya duka moja pale Kanyenye, na mimi jua lilikuwa limenichosha, nikakaa. Akatoka dukani mtu mrefu, koti la kijeshi limepauka mabegani, akanitazama kidogo, akaniuliza kwa upole kama nimeshaanza kuwasikia.

"Kuwasikia nani?"

"Nyuki. Hapo ulipokaa ndipo mlangoni kwao."

Niliruka nikaacha kandambili moja. Gogo lilikuwa jipya, tupu, halijawahi kuona nyuki hata mmoja, na watu wa barazani walicheka mpaka mwenye duka, Mhindi mmoja mtaratibu, akatoka kuangalia kumetokea nini. Yule mrefu akaniokotea kandambili, akanipa kwa mikono miwili, akaniuliza watu wetu ni wa wapi. Nikamwambia babu wa babu yangu alikuja na misafara kutoka pwani, amebeba mzigo kichwani, Mzaramo, akafika Tabora akakataa kurudi. Akasema, "Basi wewe mtani wangu. Huna pa kunishtaki."

Toka siku hiyo akaniita Mtani, nami nikamwita Afande kama mtaa mzima ulivyomwita, hata mkewe.

Nilisoma mpaka darasa la pili tu. Haya ninayaandika kwa mkono unaokwenda polepole, na nikipotea njia mnivumilie, nitarudi. Kazi yangu imekuwa mdomo. Harusini Gongoni, kipaimara Kanyenye, ngoma za mavuno huko vijijini, wakitaka watu wacheke wananiita. Na hadithi iliyonilisha kuliko zote ilikuwa ya Afande na magogo yake vitani. Hiyo ndiyo imenifanya nishike kalamu. Lakini kwanza mumjue mwenyewe.

Afande alikuwa mtu wa hila. Silisemi kwa ubaya, alilisema mwenyewe akijipiga kifua. Mizinga yake ilikuwa msituni ng'ambo ya Goweko, na wezi wa asali hawakosekani. Basi alikuwa anaacha koti kuukuu juu ya kijiti, kofia juu yake, na moto unaofuka mahali asipolala mtu. Aliwahi kutembea amevaa viatu kinyumenyume ili nyayo zionyeshe anaondoka wakati anaingia. Alipika sufuria mbili za uji ili mwizi akichungulia adhani wako wawili. Mwizi mmoja, ambaye leo ni mzee wa kanisa na jina lake silitaji, aliniambia alikaa kichakani toka asubuhi mpaka mchana akilisubiri lile koti limalize kukojoa.

Ukimwuliza, alisema hilo ndilo jeshi. Jifiche, jipake matope, washa moto pasipo na watu, sema kwenye redio kwamba mnakwenda kaskazini na nyie mnakwenda kusini. Mataifa yalikaa kitako, yakaandikiana sheria, na hayo yote yameruhusiwa. Alikuwa na kijitabu kimechakaa, jalada jeusi kwa mafuta ya nta, alichopewa kwenye mafunzo, na Jumamosi alipokuwa akiwafundisha mgambo wa kata alikitoa mfukoni akawasomea. Mimi nilikuwa nakaa pembeni kusubiri amalize tukacheze bao.

Kwenye bao ndiko nilikoielewa sheria yake, maana kitabu sikisomi vizuri. Alikuwa anaangalia kulia anacheza kushoto. Anaguna kama ameumia, kumbe ametega. Lakini kete alizihesabu kwa sauti, moja moja, na ukienda haja ukamwachia ubao, ukirudi unaukuta vilevile. Siku moja nilirudi nikasogeza kete yangu mimi mwenyewe, nikadhani hakuona. Aliona. Akafunika ubao, akaenda zake, na hatukucheza wiki tatu.

Alikuwa na kipimo kimoja na alikirudia mpaka mgambo wakawa wanakiimba wakikimbia mchakamchaka: "Mdanganye akiwa amekuelekezea bunduki. Akiishusha kwa ajili yako, usimdanganye."

Maana yake, alisema, adui anayekuogopa ana haki ya kudanganywa, ni kazi yake kufungua macho. Lakini ukiinua kitambaa cheupe, au ukilala ukajifanya majeruhi, au ukajifanya mkulima anayetoka shambani, au ukabandika alama ya waganga kwenye gari la risasi, yeye anaishusha bunduki kwa sababu sheria imemwambia aishushe. Ukimpiga hapo umeifanya sheria yenyewe kuwa mtego. Hiyo siyo hila tena. Hiyo aliiita hiana, na alipolitamka neno hilo alikuwa anatema mate pembeni, mtu ambaye mkewe alimkataza kutema mate hata shambani.

Sasa msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kwenye huo ugonjwa alikuwa mwongo kupita mimi. Alipenda matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa vikakaushwa juani, na aliyaficha ndani ya buti la jeshi chini ya kitanda. Siku mbili kabla ya kwenda kupimwa alikuwa anakula mlenda mtupu na kunywa maji, ili kipimo kisome vizuri. Nesi akamsifu. Mkewe akamsifu. Nikamwambia, Afande, huyo nesi ameshusha bunduki. Akasema, "Nesi siyo adui." Nikasema basi ndiyo mbaya zaidi. Alinifukuza kwake, nami nilicheka njia nzima mpaka Gongoni. Baadaye mguu ulipoanza kuoza sikucheka tena.

Nilisema nitarudi. Nirudi.

Palikuwa na mechi, Kanyenye na Gongoni, na Afande alikuwa kocha wa Kanyenye. Mshambuliaji wao mmoja, kijana mwepesi, akaanguka kwenye eneo la Gongoni akashika goti, akalia mama yangu, mama yangu. Mabeki wetu wa Gongoni wakasimama. Mmoja akainama kumwinua. Yule kijana akainuka na mpira akafunga. Kanyenye yote ikaingia uwanjani kushangilia, akina mama wanapiga vigelegele. Afande akaingia taratibu, akatoa mpira wavuni, akaubana chini ya kwapa, akatoka uwanjani akaenda nao nyumbani. Mwamuzi akamfuata mpaka barabarani. Wachezaji wake mwenyewe wakamtukana. Akasema chenga ni chenga, apige hata mia, lakini mtu akilia mama yangu lazima awe anaumwa.

Walimwondoa ukocha. Msimu uliofuata, kiungo mmoja wa Kanyenye aliteguka kweli, kifundo cha mguu kimegeuka, na mabeki wetu wakampita wanakimbia, wanamwambia inuka, tunawajua. Mpira ulichezwa juu yake hata sijui dakika ngapi. Afande alikuwa kwa watazamaji. Hakusema, "Niliwaambia." Aliingia, akamwinua, akampakia kwenye baiskeli yake.

Sasa utani. Wenyeji mnaujua, lakini nawaandikia na wageni. Sisi wa pwani na Wanyamwezi tumetaniana toka enzi za misafara, babu zetu waliposafiri pamoja wakazikana njiani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele za wakwe, anaweza kukuchukulia kuku, na msibani yeye ndiye anayechekesha. Siku tulipomzika Afande nilivaa koti lake, nikaingia kaburini kabla yake nikajilaza, nikagoma kutoka mpaka wanipe jogoo, na mchungaji wa Moraviani akasimama na kitabu chake akisubiri kwa adabu, maana naye ni wa hapahapa. Mjane alicheka machozi yakimtoka. Huo ndio utani. Na sheria yake kubwa ni moja: mtani hakasirikiwi. Akikusema uongo, unameza.

Hapo ndipo kosa langu lilipojificha miaka ishirini na zaidi.

Hadithi ya kweli ni hii. Katika vita vile vya mpakani Afande na wenzake walikuwa upande mmoja wa mto, silaha kubwa hawana, na ng'ambo adui anazo. Yeye, mtoto wa wachonga mizinga, akaomba tezo. Wakakata magogo kumi na moja, wakayatoboa kama ya nyuki, wakayapaka masizi, wakayapanga juu ya kilima midomo imeelekea ng'ambo, na matawi juu yake kama mtu anayeficha kitu cha maana. Adui alipoteza siku nzima kuyapiga magogo. Wenzake wakavukia chini kwenye mafunjo. Hiyo ni hila safi, kijitabu chenyewe kinaikubali, na Afande aliisimulia kwa raha.

Mimi nikaichukua. Magogo kumi na moja nikayafanya arobaini. Hakujali. Lakini hadithi ilikuwa inaishia vibaya, watu wamevuka tu, hakuna kicheko. Basi kwenye harusi moja Gongoni, nimeshika kipaza sauti, ulimi ukaniongezea mkia: kwamba mwishoni Afande alivua fulana yake nyeupe, akaipunga juu ya kilima, maadui wakatoka mashimoni wanafurahi wakidhani anajisalimisha, na hapo ndipo akawaonyesha Mnyamwezi ni nani. Ukumbi ulilipuka. Watu walianguka kwenye viti. Toka siku hiyo, nikisahau fulana, wananiitisha.

Mara ya kwanza aliposikia, Afande alikuwa kwenye meza ya mbele, amevaa suti. Aliweka kijiko chini. Baadaye barazani aliniambia tu, "Mtani, kitambaa kile hakikuwepo." Nikamjibu kwa utani kwamba hata shati hakuwa nalo, Wanyamwezi walipewa mashati na sisi wa pwani. Akacheka kwa kulazimika. Alinikumbusha mara nyingine mbili tatu katika miaka yote hiyo, daima kwa sauti ileile ya chini. Mtu mwingine angenipiga. Yeye mila ilimfunga mdomo, nami nikaifanya mila hiyo ukuta wangu wa kujibanza.

Mjukuu wake wa kike alikua akiisikia hadithi yangu. Naye akaingia jeshini, akapanda akawa koplo, na mtaa ukamwita Koplo kama ulivyomwita babu yake Afande. Ikaja habari kwamba anakwenda nje, nchi ya watu, kulinda amani. Wiki moja kabla hajaondoka alikuja kuaga, na babu akiwa kitandani, mguu umefungwa bandeji, akamsikia akimwambia bibi yake kwa kicheko kwamba kambini wenzake wote wanaijua ile ya fulana, na mmoja amesema nao wakibanwa huko wataivua. Afande akamwita. Akamwambia haikutokea. Koplo akambusu paji la uso, akamwambia babu acha kujificha, hadithi tumeijua toka utotoni.

Asubuhi yake nikaitwa. Nikamkuta amekalishwa uani, mguu kwenye kigoda. Nikampigia shikamoo ya kejeli kama kawaida yetu. Hakuitika. Akasema, "Mtani, leo uweke utani chini. Nina jambo."

Sijawahi kusikia mtu akimwambia hivyo mtani wake. Nikakaa.

Akanieleza ambalo hakuwahi kulieleza. Kwamba baada ya kuvuka mto alikuwa na rafiki, mtu wa Goweko, mbeba machela. Siku moja majeruhi walilala katikati, wa huku na wa kule, wanalia kwa lugha mbili. Huyo wa Goweko akafunga kitambaa cheupe kwenye fimbo, akatoka mikono juu, taratibu, kama inavyotakiwa. Akapigwa kabla hajafika. Kwa sababu jana yake, mahali pale pale, mtu aliinua kitambaa cheupe, wengine wakatoka, akawapiga.

Nikamwuliza huyo wa jana alikuwa wa upande gani.

"Kitambaa hakina upande."

Nikamwuliza kama alimtafuta aliyempiga rafiki yake. Akasema alimtafuta kwa siku mbili, kwa hasira, siku ya tatu hasira ikahama. "Aliyempiga alikuwa amedanganywa jana. Na wewe, Mtani, umenibandika mimi ndiye niliyemdanganya. Miaka yote hii, harusini, na kipaza sauti."

Nilitaka kuzama. Nikasema nitamweleza mtoto sasa hivi, yuko ndani. Akakataa. Alisema uongo ulisemwa mbele za watu, na kambini umefika kwa miguu ya watu. Keshokutwa watakula chakula cha kumuaga Koplo hapahapa uani, na nitaitwa kusema kama kawaida. Niseme hapo. Na alivyokuwa akinitazama nikajua kwamba hata mguu ukimkatika atakuwa pale kusikiliza.

Siku mbili hizo sikula vizuri, nawaambia kweli. Mtu wa mdomo akisema alidanganya, anabaki na nini?

Siku ikafika. Turubai likafungwa, wali na kuku, asali ya Goweko kwenye mabakuli kwa wenye uwezo wa kuila. Mchana kweupe. Nikaitwa, wakapiga makofi, na kabla sijafungua kinywa watu wa nyuma wameshaanza, fulana, fulana. Nikasimulia magogo. Nikafika mtoni, nikasimama hapo. Nikasema, "Fulana haikuwepo. Niliizua mimi."

Wakacheka. Wakacheka kuliko siku zote. Walidhani nimeleta mkia mpya. Nikasema ni kweli, jamani, Afande hakupunga kitambaa. Mama mmoja akajifuta machozi, akasema Mzaramo huyu atatuua. Nikaapa. Wakapiga vigelegele. Kadiri nilivyokaza ndivyo walivyocheka, na jasho linanitoka, na Afande kwenye kiti chake hanisaidii, ananitazama tu kama alivyokuwa akimtazama mgambo anayeishiwa pumzi.

Basi nikaweka kipaza sauti mezani. Nikamwendea Koplo alipokaa na magwanda yake, nikasimama mbele yake, nikamweleza habari za mbeba machela wa Goweko neno kwa neno kama nilivyopewa, bila kuongeza hata unyoya. Waliokaa karibu wakanyamaza kwanza. Kimya kikasogea nyuma meza kwa meza, kikafika kwa wapishi.

Koplo alikuwa bado na tabasamu mdomoni, lakini limeganda. Akaniuliza polepole, "Babu Mtani, na huu nao ni utani?"

"Siyo utani."

"Nitajuaje?"

Miaka ishirini nimeutumia uso huuhuu kumdanganya, nimuonyeshe upi mwingine?

"Hutajua," nikasema.

Hapo ndipo Afande aliposema, na hakupaza sauti. "Umeona, Koplo? Na yule wa Goweko ndivyo alivyosimama. Kitambaa chake kilikuwa cha kweli, na ng'ambo hakuna aliyeweza kujua."

Koplo alimtazama babu yake, akanitazama mimi, akatazama chini kwenye kofia yake. Tabasamu likaondoka lote. Akainuka akasimama wima, siyo kwangu, kwa babu yake, akasema, "Nimepokea, Afande."

Babu akaitika kwa kichwa. Kisha akanigeukia, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia kwamba sasa utani urudi, na kwamba babu wa babu yangu alikataa kurudi pwani kwa sababu ya uvivu tu, mzigo ulimshinda Ugogo ukabebwa na Mnyamwezi. Nikamjibu ninachojua kumjibu. Watu wakacheka, ila safari hii walicheka kwa uangalifu, kama wanaovuka daraja bovu.

Asubuhi ya safari nilikwenda stesheni. Afande hakuweza, mguu. Koplo alikuwa na begi lake kubwa, akanisogeza pembeni ya watu.

"Magogo yalikuwa mangapi hasa?"

"Kumi na moja."

"Kambini nimesema arobaini."

"Hayo arobaini waachie, babu yako hana ugomvi nayo. Kitambaa kiondoe."

"Nitawaambia." Akapandisha begi begani, akafikiri. "Wakicheka?"

"Waambie tena."